Kurasa za Hanna

Jumapili, 5 Oktoba

Kurasa nne leo. Tulianza saa nne asubuhi, tukaacha adhuhuri ikiadhiniwa. Joto la Maskati halijatuachia bado, na kiyoyozi cha nyumbani kwa Profesa, pale Ansab, kinapiga kelele kuliko kinavyopoza.

Profesa, Mbelarusi aliyekimbia kwao, anasoma, mimi nachapa. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, ukurasa anausogeza mpaka puani kama anaunusa. Vidole vyangu ni vya mhandisi wa maji aliyestaafu, si vya karani. Ila herufi zao nazijua. Miaka mitano ya uanafunzi Minsk, ya baridi na supu ya kabichi, hatimaye imenifaa kitu. Binti yake, Alesia, daktari wa meno, aliniziba jino mwezi wa Januari, akanisikia nikilalamika kwa Kirusi. Wiki iliyofuata nikawa karani wa baba yake.

Nayaandika haya yote kwa sababu nimeanza kusahau mambo. Juzi nilisahau jina la mtaa niliozaliwa, Unguja. Lilinirudia naoga.

Neno la leo: pryzba. Ukingo wa udongo unaozunguka nyumba za vijijini kwao. Watu hukaa hapo jioni wakazungumza. Nikamwambia, hilo mbona tunalo, la mawe na chokaa, tunaliita baraza. Alifurahi mno, akataka niliandike pembeni kwa herufi zetu. Akauliza kama wajukuu zangu wanalijua. Nikasema wanalijua.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Raya hawezi hata kusema shikamoo bila kucheka.

Jumanne, 7 Oktoba

Kurasa tatu, na ugomvi mdogo.

Nilimuuliza Profesa kwa nini dada yake hatumi kurasa zote kwa pamoja tukamaliza kazi. Hanna ana miaka sabini na sita, anaishi peke yake kijijini. Madaftari yote yako kwake. Kila Jumamosi anapiga picha kurasa saba au nane kwa simu ya zamani na kumtumia Alesia. Nikasema tumtafutie kijana wa hapo kijijini amsaidie. Profesa akakasirika. Hakuna anayejua madaftari yako wapi, akasema, na hakuna atakayejua.

Ana haki. Alikuwa akisomesha falsafa chuo kikuu, akaanza kusomesha kwa Kibelarusi badala ya Kirusi, wakamtoa. Akaingia upinzani. Wenzake walidai kura, yeye akidai shule, nyimbo na majina ya vyombo vya jikoni. Walimcheka hata wenzake. Wakubwa hawakucheka, walimfunga. Madaftari hayo ni maneno aliyokusanya miaka thelathini kutoka kwa vikongwe wa vijijini, na vikongwe wenyewe wote wamekufa. Nakala nyingine hakuna.

Kiburi changu kiliuma kidogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimewaalika nyumbani, Sib. Zuwena kapika biriani ya samaki, mke wangu akipata mgeni hupika kama harusi. Profesa alikula mpaka akalegeza mkanda.

Baada ya chakula tukakaa majlisini, mimi, yeye, Alesia, na wanangu wawili waliokuwa wakichungulia simu zao. Akaombwa asome. Akasoma maneno ya mama akimlaza mtoto, ukurasa wa wiki hii, kwa kichwa tu. Sauti yake inabadilika akisoma. Nilimrekodi kwa simu yangu. Alesia naye alichukua kipande.

Alipomaliza alikuwa amechangamka, akasema maneno ambayo hajapata kuyasema mbele za watu: kwamba ukurasa huu ametumiwa na dada yake Hanna, kwamba kila kitu kiko kwake, chini ya kitanda, na kwamba kitabu kikitoka, jina la Hanna litatangulia lake.

Mlangoni akanishika mkono. Akauliza kama ile video itabaki kwangu. Nikamwambia itabaki kwangu.

Marehemu baba yangu hakupenda neno la majlisini livuke kizingiti. Siku nzuri sana leo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Gennadi ni mjinga. Alikuwa mjinga tangu darasani.

Tuna kundi la simu, sisi tuliosoma Minsk miaka ile. Wazanzibari, Wayemeni, Wapalestina, na wenyeji wachache. Kutwa ni picha za maua na dua za Ijumaa. Leo mmoja kauliza nani bado anakumbuka Kirusi. Nikajibu kwa Kibelarusi, kwa mzaha. Gennadi, ambaye siku hizi ana ofisi kubwa serikalini huko kwao na picha yake ina tai, akaandika kwamba lugha hiyo imekufa, wamebaki nayo vikongwe na ng'ombe.

Damu ikanipanda. Nikaitia ile video. Nikaandika chini yake: msikilizeni maiti anavyozungumza.

Wote wakaleta vidole gumba. Wapo walioweka machozi. Gennadi mwenyewe akaandika: Huyu yuko Maskati? Mpe salamu zangu.

Nimemnyamazisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Kurasa tano, rekodi yetu. Profesa yuko katika hali nzuri.

Salamu za Gennadi sikuzifikisha. Nilisahau, au nilitaka kusahau.

Jumapili, 19 Oktoba

Kurasa za jana hazikuja. Tulichapa za wiki iliyopita. Profesa anasema ni mtandao, mvua zikianza kule mtandao huanguka. Alesia alipiga mara tatu, simu haikuita.

Narudi Sib kwenye barabara kuu, foleni kuanzia uwanja wa ndege, nikazikumbuka salamu za Gennadi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Wamemchukua Hanna.

Jirani yake alimpigia Alesia leo asubuhi, kwa simu ya kuazima. Waliingia jana watu watano. Walimwonyesha video ya kaka yake akiwa Arabuni. Hawakupekua jikoni, hawakupekua kabati. Walikwenda moja kwa moja chini ya kitanda. Makasha mawili, yote. Hanna walimpakia na viatu vya nyumbani.

Moja kwa moja chini ya kitanda.

Ni mimi. Hakuna mwingine aliyekuwa na maneno yale.

Nimeifuta ile video kundini. Kazi bure, hata mtoto anajua.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimekwenda Ansab kwa ajili ya kusema. Sikusema.

Profesa alikuwa amekaa mezani mbele ya kompyuta iliyozimwa. Alesia jikoni. Hawasemezani. Kumbe jioni ya ile Ijumaa Alesia aliweka kipande chake kwenye ukurasa wake wa mtandao, marafiki zake wa kule wakakisambaza. Profesa anaamini ndicho kilichomponza Hanna. Alesia naye anaamini. Hakumbuki kama kilikuwa na yale maneno ya mwisho au la, amekifuta kwa hofu. Kanifuata mpaka kwenye lifti, macho yamevimba. "Nimemfunga shangazi yangu kwa mkono wangu, Bwana Nassor," akaniambia kwa Kiingereza.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lifti ilifunguka. Nikampa pole, nikaingia.

Mimi ni mwoga. Nimeishi miaka sabini nikidhani ni mtu mpole, kumbe ni mwoga.

Jumatano, 29 Oktoba

Zuwena kagundua. Miaka arobaini na nne ya ndoa, huwezi kuficha hata kikohozi.

"Una nini wewe? Toka wiki iliyopita chakula unakichezea tu."

Nikamweleza. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Yule mtoto wa watu anabeba mzigo wako, Nassor. Mwambie baba yake wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwengine."

Nikasema nitamwambia Profesa, Hanna akishatoka. Akarudi kwenye mchele wake.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwenda tena. Tumechapa kurasa mbili. Anasoma kwa sauti ndogo, anaruka mistari. Alesia anaweka chai mezani kama mtumishi na kuondoka.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza pale. Nilimsalimia kwa Kirusi, Kirusi safi, nimejipanga. Alingoja nimalize kama mtu anayengoja lori lipite barabarani. Akanijibu kwa Kibelarusi, polepole, mpaka nikaelewa. Niliporudisha kwa lugha yake, nikiivunjavunja, alicheka akatoa machozi. Toka siku hiyo halijapita neno la Kirusi baina yetu. Anakijua vizuri kuliko Gennadi. Hakitumii tu. Anasema ni lugha aliyoulizwa nayo maswali gerezani.

Alhamisi, 6 Novemba

Hanna katoka. Siku kumi na tano kamili. Madaftari hawakurudisha. Ana kikohozi kibaya, walimlaza kwenye sakafu ya saruji.

Alizungumza na Profesa dakika chache. Nilikuwepo. Hakulia. Aliomba msamaha kwamba hakuyaficha vizuri. Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

Jumatano, 12 Novemba

Hanna amefariki. Mapafu. Jirani alimkuta asubuhi.

Profesa hawezi kwenda kumzika. Akishuka uwanja wa ndege tu wanamchukua. Alesia vile vile.

Zuwena alivaa buibui lake kabla sijamaliza kumweleza. "Watu wamefiwa na wako peke yao nchi ya watu," akasema. "Wataletwa hapa. Tunakaa siku tatu."

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya tatu. Nina uchovu mpaka kwenye mifupa.

Matanga ya Hanna yamefanyika Sib, nyumbani kwangu. Mwanamke ambaye hajapata kuiona bahari. Zuwena aliwapigia simu ukoo mzima, na ukoo mzima ukaja, kama unavyokuja kwa kila msiba. Wanawake juu, Alesia katikati yao, kichwani mtandio mweusi wa mke wangu. Wanaume majlisini, kahawa na tende. Hatukusoma hitima, Hanna alikuwa Mkristo. Tulikaa tu. Bi mkubwa mmoja wa jirani alimuuliza Zuwena ngazini:

"Marehemu nani wenu?"

"Dada wa rafiki yake Nassor."

"Mwislamu?"

"Binaadamu. Pita ndani, bibi, kahawa inapoa."

Profesa alikaa upande wangu wa kulia, suti ya kijivu, mikono magotini. Watu hawamjui, lugha hawaijui. Kila aliyeingia alimpa mkono na kumwombea Mungu aukuze ujira wake. Aliniuliza maana yake nikamfasiria. Tangu hapo alikuwa anainuka kwa kila mtu, hata kwa watoto.

Leo alasiri, wa mwisho walipoondoka, aliniambia kwamba kijijini kwao walimzika Hanna watu wanne, wengine waliogopa kuonekana. Na hapa wamekuja watu wasioweza hata kulitamka jina lake. Akanishika kichwa kwa mikono yake miwili. Akaniita ndugu. Kwa lugha yake neno hilo ni fupi sana.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesema.

Nilijifunza sentensi zangu garini, kuanzia Sib mpaka Ansab, kwa Kibelarusi. Nilitaka ziwe sahihi. Nilimwomba Alesia akae nasi. Nikasema: Video ile niliituma mimi. Niliituma kwa watu niliosoma nao. Mmoja wao ana ofisi. Nilikuahidi, na niliituma siku ya pili yake. Alesia hana kosa lolote. Nimejua tangu siku tuliyopata habari, nikanyamaza wiki tatu na siku tatu.

Sikusema kwamba nilikuwa namtetea. Garini nilikuwa nimeiandaa sentensi hiyo. Ilipofika mdomoni niliona aibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akafunga kifungo cha koti. Akanijibu kwa Kirusi.

Kirusi safi, cha vitabuni. Alinishukuru kwa taarifa. Akaniomba niondoke. Alinitaja kwa ile namna wanayomtaja karani wa dirishani, mtu usiyemjua na usiyetaka kumjua.

Alesia alifunika mdomo kwa kiganja. Nadhani hata yeye hajapata kumsikia akikisema ndani ya nyumba ile.

Angenipiga ningepona. Nimeendesha mpaka Ruwi bila kujua ninakokwenda, nikaegesha karibu na kituo cha mabasi, nikakaa humo garini mpaka alasiri. Zuwena alipiga mara sita.

Jumanne, 18 Novemba

Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshavaa kanzu na funguo za gari mkononi. Ndipo nikakumbuka.

Jumanne, 25 Novemba

Alesia alikuwa akienda kliniki mapema, akapita kwetu njiani. Profesa ameondoka jana. Chuo kimoja cha Poland kilikuwa kikimwita tangu mwaka jana, alikuwa anakataa kwa sababu ya binti yake. Sasa amekubali. Ndege ya asubuhi. Uwanja wa ndege uko dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Huenda ndege yake ilipita juu ya paa langu nikiwa nakunywa chai.

Wamepatana, yeye na baba yake. Alinieleza bila chuki. Alimpiga busu Zuwena, mimi akanipa mkono.

Kaniachia bahasha. Ndani mna kijiti cha kompyuta chenye picha zote za kurasa za Hanna, na karatasi yenye mistari miwili: Zimebaki kurasa kumi na moja hazijachapwa. Zikiisha zipelekwe kwa Alesia. Hakuna jina langu juu, hakuna lake chini. Kirusi.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno lolote. Hamna. Ni maagizo ya kazi.

Zuwena anasema, mtu hampi kazi yake mtu anayemchukia. Labda. Labda pia hakuna mwengine Maskati nzima anayejua herufi.

Alhamisi, 27 Novemba

Kurasa mbili. Bila kusomewa ni kazi ngumu. Nakuza picha, naona kidole gumba cha Hanna kwenye pembe ya kila ukurasa, kimeshikilia daftari lisijifunge. Ukucha mfupi, una udongo.

Sikuwahi kukiona kabla. Tulikuwa tunasoma maneno.

Jumapili, 30 Novemba

Kurasa tatu. Nimejitoa kwenye lile kundi. Gennadi alikuwa ameweka picha ya theluji.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemaliza. Ukurasa wa mwisho una mistari sita tu, chini mweupe. Nilikaa nikaungojea unaofuata.

Kesho nitaanza kusahihisha tangu mwanzo, kisha nimpelekee Alesia. Makasha mawili yaliyojaa, na kilichookoka kinaingia kwenye kijiti kidogo kuliko kidole changu.

Ijumaa, 5 Desemba

Hali ya hewa nzuri. Zuwena kafungua madirisha yote. Watoto walikuja chakula cha mchana kama kila Ijumaa, nyumba ikajaa Kiarabu, na Kiingereza cha wale wadogo.

Baada ya chakula nilirudi kwenye kusahihisha. Raya akaja kuegemea kiti changu. Ana miaka tisa, anapenda zile herufi, anasema ni kama za michezo. Akaona pembeni ya skrini neno moja la herufi zetu. Akalisoma kwa taabu, silabi moja moja. Baraza. Akaniuliza kwa Kiarabu, hii nini, babu?

Nikamweleza, kwa Kiarabu. Kwamba ni mahali pa kukaa, nje, ukutani mwa nyumba. Jioni watu hukaa pale wakazungumza, wanaopita husalimia, na anayetaka hukaa nao. Kwamba nyumba niliyozaliwa ilikuwa nalo, na nyumba ya kina Hanna ilikuwa nalo.

Akaenda dirishani. Akachungulia nje kwa makini, kushoto na kulia: ukuta wa uzio, geti, gari la baba yake, mashine ya kiyoyozi.

Akasema, sisi hatuna.

Nikamwambia ndiyo, hatuna. Akaenda kucheza. Nikaendelea na ukurasa.